Tiketi ya bwawa yaweza kuunusuru Mji wa Kale

*Wasafiri wanaolala katika nyumba za Kibokoni na Ndia Kuu hutafuta pa kuogelea katika hoteli za mbali. Hoteli zikiwapokea kwa bei iliyobandikwa langoni, atakayefaidika zaidi ni mji wenyewe.*

Saa nne asubuhi ndiyo saa ya kurudisha ufunguo katika nyumba nyingi za kulala wageni kisiwani Mombasa. Treni ya usiku ya Madaraka Express kwenda Nairobi huondoka stesheni ya Miritini saa nne usiku. Kati ya ufunguo na treni kuna saa kumi na mbili, na katika miezi ya kaskazi saa hizo hupita katika joto la nyuzi 32 au 33 na hewa nzito ya unyevu. Msafiri aliyelala Kibokoni, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu, amekwisha kuizunguka Ngome na kununua zawadi, na mizigo yake iko chini ya ngazi kwa hisani ya mwenye nyumba. Chumba hana tena wala bafu, na watoto wameanza kulialia. Anachotaka ni pa kujitosa majini, kuoga, kubadili nguo na kula kabla ya safari.

Akifika kwenye lango la hoteli yenye bwawa, jibu hutegemea nani yuko zamu. Mlinzi mmoja atasema bwawa ni la waliolipia vyumba. Katika hoteli ya pili, mhudumu wa mapokezi atataja ada, kisha aongeze kwamba sehemu yake itakatwa kwenye bili ya chakula. Katika ya tatu, mhudumu atamtazama mgeni, aisikilize lafudhi yake, ndipo ataje bei. Ni nadra bei hiyo kuandikwa mahali mtu anapoweza kuisoma kabla hajatoa nauli ya tuktuk. Jambo lenyewe laonekana dogo, mtu na taulo lake tu. Makala haya yanadai kwamba mgeni wa kutwa, anayelipia bwawa bila kulipia kitanda, ana uzito zaidi ya hesabu anayopewa, kwa kuwa namna anavyopokelewa husaidia kuamua kama Mji wa Kale utabaki mahali pa kulala au utageuka mahali pa kupigia picha na kuondoka.

## Mji usiochimbika

Anayeshangaa kwa nini nyumba za Mji wa Kale hazina mabwawa aanze kwa kutazama dari. Nyumba za jadi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti yake, hivyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, upana wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi, na nyumba zikasongamana hadi vichochoro vikabaki vya kupita mkokoteni kwa kubana. Ua wa ndani, pale ulipo, ni wa kuingiza hewa na mwanga. Kuchimba shimo kubwa katikati ya nyumba kama hizo ni kuhatarisha msingi wa jirani, na aghalabu ukuta wa jirani ndio huo huo ulioibeba dari yako.

Hata pale nafasi inapopatikana, mwenye nyumba hana uhuru wa kufanya apendavyo. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hufuatilia ujenzi na ukarabati. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 iliupa ulinzi huo meno zaidi. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, katika orodha ya urithi wa dunia, na sehemu ya mji iliyo ubavuni mwake ikawa eneo la kuikinga. Kwa hiyo mwenye nyumba ya wageni mjini humo huuza vitu vingine: roshani ya mbao, mlango wa nakshi, mahamri na mbaazi za asubuhi, sauti ya adhana kutoka misikiti kama Mandhry, wenye zaidi ya miaka 400. Bwawa halimo katika orodha yake, na haliwezi kuwemo.

Unguja mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mji Mkongwe nao uko katika orodha ya urithi wa dunia, tangu mwaka 2000, na vichochoro vyake si vipana kuliko vya Mombasa. Lakini ukingoni mwa bahari, pande za Shangani, majengo makubwa ya zamani yenye viwanja yaligeuzwa hoteli. Tembo, Serena na, tangu mwaka 2015, Park Hyatt, zote zina mabwawa yanayotazama bahari, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katikati ya mji. Mtu anaweza kulala katikati ya urithi na bado akayaona maji ya bwawa kabla ya chakula cha mchana. Mombasa urithi na bwawa viliachana, na kuachana huko kuna historia yake.

## Mabwawa yalivyovuka daraja

Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Hadi wakati huo kisiwa ndicho kilichokuwa Mombasa, na msafiri alilala kisiwani. Daraja liliufungua ufuo wa kaskazini, na kufikia miaka ya 1940 Hoteli ya Nyali Beach ilikuwa imesimama mchangani. Nyingine zikafuata hadi Bamburi na Shanzu, na upande wa kusini hadi Diani. Daraja la zege lilipokamilika mwaka 1980, ufuo ulikuwa tayari umekuwa shina la biashara ya utalii, na kisiwa kimekuwa mahali pa bandari, benki na maduka. Kisiwani penyewe juhudi zilikuwepo. Ernst May, msanifu majengo Mjerumani aliyefanya kazi Afrika Mashariki hadi mwaka 1953, alisanifu Hoteli ya Oceanic upande wa bahari wa kisiwa. Leo haipokei tena wageni.

Tusisahau kwamba mabwawa ya enzi hizo hayakuwa ya kila mtu. Hoteli na vilabu vya ukoloni vilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na ubaguzi wa rangi mlangoni ulianza kulegea tu uhuru ulipokaribia. Ubaguzi huo ulifutwa kisheria, na Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inaukataza waziwazi. Lakini tabia ya kumpima mtu langoni kabla ya kumtajia bei imebaki, na ndiyo inayomfanya mkazi wa Majengo au Tudor aone kwamba bwawa la hoteli si mahali pake hata akiwa na fedha mfukoni.

Mgeni wa kutwa ndiye daraja lililosalia kati ya mji wenye historia na hoteli zenye maji.

Matokeo ya historia hii yanaonekana kila siku ya msimu. Mabasi ya watalii huja kutoka ufuoni, hushusha abiria mbele ya Ngome, huwapitisha Ndia Kuu na soko la viungo, kisha huwarudisha bwawani kabla ya jua kuwa kali. Mji wa Kale hupata saa mbili au tatu za miguu na kamera. Usiku mgeni yuko ng'ambo, na chakula chake cha jioni kimo ndani ya bei aliyolipa kwa jumla hata kabla hajapanda ndege.

## Anayelala na anayepita

Tofauti ya wageni hao wawili ni kubwa kwa mfuko wa mtaa. Anayepita hulipa tiketi ya Ngome, hununua soda na pengine kikoi. Anayelala hula mara tatu, hufuliwa nguo, hupanda tuktuk mara nne, hukaa barazani akaagiza kahawa ya pili, na jioni hutafuta viazi karai na mishikaki. Zaidi ya hapo, hulipa kodi ya chumba inayoweza kurudi ukutani. Nyumba ya matumbawe hudai chokaa, fundi anayejua kuipaka, na boriti mpya pale ya zamani ilipoliwa na mchwa. Mwenye nyumba asiye na kipato kutoka kwa nyumba hiyo huiacha ibomoke, au huiuza kwa anayetaka kusimamisha gorofa. Sheria inaweza kumzuia kubomoa, lakini haiwezi kumlipia fundi.

Kwa hiyo swali la uhifadhi, mwisho wake, ni swali la idadi ya usiku ambao wageni hulala mjini. Na mtu anapochagua pa kulala Mombasa, hasa mwenye familia au anayetoka bara kwa wikendi ndefu, bwawa ni kigezo cha mapema. Akiambiwa kwamba atalala Mji wa Kale bila bwawa, atalinganisha na Nyali yenye bwawa na kuchagua Nyali. Akiambiwa kwamba atalala Mji wa Kale na, kwa bei inayojulikana, ataogelea katika hoteli ya Ganjoni au ng'ambo ya mkono wa bahari wa Tudor, ambako English Point Marina inautazama mji huo huo uso kwa uso, ulinganisho unabadilika.

Ni haki kusema kwamba bwawa si kizuizi pekee. Taka zisizozolewa kwa wakati, taa hafifu vichochoroni, uhaba wa maegesho na wasumbufu wanaojiita waelekezi huwafukuza wageni zaidi. Hayo yote lakini yanahitaji bajeti, polisi na miaka. Suala la bwawa linahitaji uamuzi wa meneja na karatasi ya bei.

## Hesabu za hoteli

Pingamizi la kwanza litatoka kwa hoteli zenyewe. Mgeni aliyelipia chumba, zitasema, amelipia pia utulivu, na viti vyote vikichukuliwa na watu wa nje atalalamika, na lalamiko lake litasomwa na wateja wa kesho. Hoja hii ina uzito siku za sikukuu, Krismasi, Pasaka na Idi, wakati hoteli zimejaa. Siku nyingine haina. Hoteli za kisiwani huishi kwa wafanyabiashara, watu wa bandari na washiriki wa semina, na watu hao wako kazini mchana, wakati ambao bwawa hukaa likimetameta peke yake. Pampu huzunguka, kichujio husafishwa, klorini humwagwa na mwokoaji hulipwa mshahara, wawe wanaogelea watu watano au ishirini na watano. Gharama inayoongezwa na mgeni wa ziada ni taulo, sabuni na dakika chache za mhudumu. Sehemu kubwa ya ada yake ni faida, na bado hajaagiza samosa.

Isitoshe, hoteli hizi si ngeni kwa watu wasiolala. Huuza ukumbi wa mkutano kwa kutwa pamoja na chai na chakula, hupokea harusi za mamia ya watu, huandaa futari mwezi wa Ramadhani na chakula cha mchana siku za Jumapili. Hakuna meneja anayeona kwamba harusi inawaibia wageni wake utulivu bila fidia. Ameipangia bei, saa na mipaka. Nchi nyingine zimefanya hivyo kwa bwawa pia: kampuni ya Dayuse, iliyoanzia Paris mwaka 2010, huuza vyumba na huduma za hoteli kwa saa za mchana, na Marekani ResortPass hufanya hivyo kwa mabwawa. Dawa ya msongamano ni kuweka idadi ya juu ya tiketi kwa siku na kuipunguza vyumba vinapojaa. Kumwachia mlinzi aamue kwa macho hakupunguzi msongamano, huongeza ugomvi tu.

Kukata sehemu ya ada kwenye bili ya chakula, kama zinavyofanya hoteli nyingi za pwani, ni utaratibu mzuri wenye kasoro moja. Ni mzuri kwa sababu mgeni hula, na hoteli hupata faida yake jikoni. Kasoro ni kwamba mara nyingi mgeni hajui ni kiasi gani kinarudi, kwa vyakula gani, na kama mtoto asiyekula naye atahesabiwa. Mistari minne kwenye ubao ingemaliza mashaka hayo.

## Usalama na dhamana

Pingamizi la pili ni usalama, na Pwani haliwezi kupuuzwa. Novemba 28, 2002, washambuliaji wa kujitoa mhanga waliilenga hoteli ya Paradise huko Kikambala, na kumi kati ya waliouawa walikuwa Wakenya. Tangu hapo, vioo vya kukagulia magari na mashine za kupimia mizigo vimekuwa sehemu ya lango la hoteli. Lakini mgeni wa kutwa anayesajiliwa, akaacha nambari ya kitambulisho au pasipoti na kupita kwenye mashine, hana tofauti ya kiusalama na mgeni wa harusi. Kwa kweli ana rekodi bora, kwa sababu wageni wa harusi hawaandikishwi mmoja mmoja. Hatari huongezeka pale mlango unapofunguliwa kwa kujuana, mtu akaingia kwa jina la rafiki na jina lake lisionekane popote.

Dhamana ya kisheria nayo hutajwa kama kisingizio. Hoteli nyingi hutundika kibao kisemacho kwamba anayeogelea anafanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe, zikidhani kimeziondolea wajibu. Sheria ya Kenya kuhusu wajibu wa mwenye jengo kwa wanaoingia kwake, Sura ya 34, haisemi hivyo. Inamtaka mwenye mahali amchukulie mgeni tahadhari ya kawaida ili awe salama, na onyo peke yake halitoshi kama halimwezeshi mgeni kujikinga. Wajibu huo upo kwa aliyelala na kwa aliyelipia kutwa. Kwa hiyo kinachohitajika ni kile kinachopaswa kuwepo tayari: mwokoaji aliyefunzwa, alama za kina zinazosomeka, boya la kuokolea mahali pa kufikika, na maji yaliyopimwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mabwawa wa 2006, linataka kiwango cha pH kikae kati ya 7.2 na 7.8 ili klorini ifanye kazi yake. Hoteli inayoandika vipimo vyake vya asubuhi kando ya bwawa haina cha kuogopa kutoka kwa mgeni yeyote.

## Bwawa katika mji wenye kiu

Pingamizi zito zaidi halitoki kwa hoteli. Linatoka kwa mkazi wa Mombasa anayenunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni. Maji ya mji huu husafiri kutoka mbali: chemchemi za Mzima katika Kaunti ya Taita Taveta, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, Tiwi na Marere huko Kwale. Hayatoshi, na watu wengi hupata maji ya mfereji kwa zamu. Je, ni adabu kuhimiza watu zaidi waogelee wakati jirani anahesabu mitungi?

Tufanye hesabu badala ya kuoneana haya. Chukua bwawa la urefu wa mita 15, upana wa mita 8 na kina cha wastani cha mita 1.5. Linabeba mita za ujazo 180, yaani lita 180,000, sawa na mitungi 9,000. Kiasi hicho kinatisha, lakini hujazwa mara moja na kuchujwa kwa muda mrefu. Kinachopotea kila siku ni mvuke na maji ya kusafishia kichujio. Kwa joto la Mombasa, mvuke ukipunguza milimita tano kwa siku, bwawa hilo litapoteza lita 600, yaani mitungi 30. Wakiogelea watu sita, kila mmoja amegharimu mitungi mitano. Wakiogelea sitini, kila mmoja amegharimu lita 10, ambazo ni pungufu ya maji atakayotumia bafuni baadaye, na huko bafuni angeoga popote alipolala. Bwawa linalokaa tupu ndilo la anasa zaidi katika mji wenye kiu. Kinachopunguza aibu yake ni kushirikiwa na wengi, pamoja na kutumia maji ya kichujio kumwagilia bustani na kufunika bwawa usiku.

Bwawa la lita 180,000 likitumiwa na watu sita ni ubadhirifu. Likitumiwa na sitini, lita zile zile zimefanya kazi.

## Lakini si bahari ipo?

Kuna watakaosema kisiwa kimezungukwa na maji ya bure, na Ibara ya 62 ya Katiba imeifanya ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Ni kweli, na haki hiyo ilindwe. Ila ukingo wa kisiwa si ufuo wa mchanga. Upande wa Mama Ngina, bustani iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, ni majabali ya matumbawe na mawimbi ya mlango wa Kilindini. Upande wa Mji wa Kale ni kuta, ngazi za Bandari ya Kale na mkondo wenye nguvu, katika mji ambao sehemu yake kubwa haina mabomba ya majitaka. Nyakati za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Vijana wa mtaa wanaujua mkondo huo na hujitosa bila wasiwasi. Mgeni haujui, na mtoto wake hajui kabisa. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta uko Bamburi, nje ya kisiwa, nao hutegemea maji yako wapi saa hiyo.

Zaidi ya hayo, watu wengi wa kisiwa hiki hawajui kuogelea, na kutojua huko kumewahi kugharimu roho. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe iliyokuwa imepakia kupita kiasi ilipinduka karibu na nchi kavu, watu 272 wakafa. Feri mbovu au iliyojaa kupita kiasi ni kosa la mwenye feri, na kujua kuogelea hakumwondolei lawama. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi mno katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na linataja mafunzo ya kuogelea kwa watoto miongoni mwa kinga. Mafunzo huanza kwenye maji yaliyotulia, yenye kina kinachojulikana. Kisiwani Mombasa maji ya namna hiyo yako shuleni, vilabuni na hotelini. Lango la hoteli likimfungukia msafiri kwa bei ya wazi, itakuwa vigumu kumfungia mtoto wa Makadara kwa bei ya wazi siku ya Jumanne.

## Vazi na heshima

Baadhi ya wazee wa Mji wa Kale huenda wakauliza kama tunataka kuleta chupi za kuogelea vichochoroni. Hoja ya makala haya inaelekea kinyume na hofu hiyo. Mgeni aliyepata pa kuogelea penye bafu na chumba cha kubadilia nguo hurudi mtaani amevaa. Asiyepata ndiye anayepita mbele ya msikiti na kaptura inayochuruzika maji. Kulitenganisha bwawa na mji, mradi watu waweze kuvifikia vyote viwili, kunahifadhi staha ya mji kuliko kulichimba bwawa juu ya paa la Kibokoni.

Tatizo la kweli la vazi liko upande wa pili, kwa wanawake Waislamu wanaokataliwa kuingia majini kwa sababu nguo zao zimefunika mwili. Hoteli zina haki ya kukataa jinzi na pamba zinazochakaa na kuziba vichujio. Haki hiyo haifiki kwa burkini, vazi lililobuniwa Australia na Aheda Zanetti mwaka 2004 kwa kitambaa kile kile cha nguo nyingine za kuogelea. Ufaransa inaweza kubishana mahakamani, kama ilivyofanya mwaka 2022 kuhusu mabwawa ya Grenoble, ambapo mahakama ya juu ya utawala iliisimamisha ruhusa ya jiji. Mombasa haina sababu ya kuiga ubishi huo. Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa burkini, na hakuna bwawa wala bahari iliyoharibika. Kanuni ya vazi iandikwe kwa kutaja kitambaa, na saa za wanawake peke yao zitengwe hata mara moja kwa wiki. Katika mji huu, saa hizo zingejaza bwawa kuliko siku nyingine yoyote.

## Nani afanye nini

Mtu anaweza kuuliza kwa nini serikali iguse biashara binafsi. Hakuna anayependekeza hoteli ilazimishwe kumpokea kila ajaye. Kinachopendekezwa ni kwamba inayouza iseme inauza nini. Ngome ya Yesu hubandika bei zake langoni, za raia, za wakazi wa Afrika Mashariki na za wageni wengine, na hakuna anayejadiliana na mkata tiketi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti leseni za biashara, utalii wa ndani na vifaa vya burudani. Kaunti ya Mombasa inaweza, pale inapofanya upya leseni ya hoteli yenye bwawa, kudai ubao mmoja langoni na ukurasa mmoja mtandaoni: bei kwa mkubwa na kwa mtoto, kiasi kinachorudi kwa chakula, saa, idadi ya juu ya watu, kanuni ya vazi. Hoteli isiyotaka wageni wa kutwa iandike hivyo hivyo, ili msafiri ajue kabla ya kupanda tuktuk.

Wenye nyumba za wageni wa Mji wa Kale nao wasingoje. Wanaweza kukubaliana kwa pamoja na hoteli mbili au tatu wauze kuponi za bwawa pamoja na chumba, hoteli ikapata watu siku zake tupu, nyumba ikapata neno jipya katika tangazo lake. Na jukumu la kaunti la kujenga bwawa la umma lisififishwe na mpango huu. Bwawa la hoteli litamsaidia msafiri na kumwonjesha mkazi, lakini haliwezi kufundisha watoto wa kisiwa kizima.

Hoja hii ina faida moja ambayo mipango mingi ya utalii haina: inaweza kupimwa kwa gharama ndogo. Wenye nyumba wahesabu idadi ya usiku unaolaliwa kuanzia Novemba hadi Machi bila kuponi, kisha msimu unaofuata wakiwa nazo. Idadi ikiongezeka, fedha za chokaa na boriti zimepatikana bila mkopo. Isipoongezeka, tutakuwa tumekosea kuhusu sababu ya wageni kulala ng'ambo, na tutarudi kwenye taka, taa na waelekezi wasumbufu tukiwa na uhakika zaidi. Hata katika hali hiyo, mtu mwenye saa kumi na mbili kabla ya treni yake atakuwa amejua bei.